Mpunga wa Kununua

Ifakara, Jumapili 1 Machi 1998

Mume wangu Remi amerudi kutoka kazini stesheni amelowa mpaka soksi, na habari njema: likizo yake imekubaliwa. Wiki mbili, kuanzia mwanzoni mwa mwezi wa tano. Wakubwa wameshajigawia Juni na Desemba, yeye wamemwachia masika. Hata hivyo familia ya mfanyakazi hupanda treni bure mara moja kwa mwaka, na mwaka huu sikubali twende tena Mlimba kukaa sebuleni kwa shemeji na kuangaliana. Nataka bahari. Nimekulia kambi za wakata miwa Kidatu, na maji mengi niliyowahi kuyaona ni ya mifereji na ya mafuriko. Nataka kuona maji yaliyokaa mahali pake.

Remi alicheka. Ni mara ya kwanza tangu mwezi wa kwanza.

Jumanne 3 Machi

Mvua. Wateja wa cherehani yangu hakuna. Nimeshona vifungo vya watu waliosahau kwamba wananidai vifungo.

Alhamisi 5 Machi

Jirani yangu Sada, muuza maandazi, ni mzaliwa wa Bagamoyo. Anasema shangazi yake ana vyumba karibu na ufuko, na kila Idi na kila Krismasi vinajaa watu wa Dar.

“Lakini shoga, nani huenda Bagamoyo masika? Bahari utaiona dirishani tu, mwaya.”

Nikamwambia mwaka huu mvua iko kila mahali, bora nikanyeshewe na mvua ya watu wengine. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akampa mwanangu Paska maandazi mawili, moja mkono huu na moja mkono ule, kama mtaa mzima unavyofanya siku hizi.

Niliandike jambo hili vizuri, maana nisipoliandika nitaanza kuliona la kawaida. Nilizaa mapacha, Paskalina na Wendelin, miaka sita sasa. Wendelin alikufa kwa homa mwishoni mwa Januari. Katika ukoo wa mume wangu pacha haliliwi. Alizikwa kimya, bila matanga, na tangu siku ile kila kitu cha Paska hufanywa viwili: sahani mbili, vikombe viwili, nguo mbili za kitambaa kimoja. Mama mkwe wangu, Bibi Marsiana, ambaye tunakaa naye, anasema fungu la mwenzake lazima litengwe mpaka mpunga walioupanda pamoja uvunwe. Walipanda wote wawili baada ya Krismasi, kule shambani kwake Mofu, kila mmoja mstari wake. Siku ya mavuno mpunga huo utatwangwa na kupikwa, baba atachanganya mafungu mawili kwenye sahani moja na kuita jina la marehemu, na aliyebaki atakula yote. Hapo ndipo mama anaruhusiwa kulia.

Kidatu tulikuwa na makabila yote na kila moja lilikuwa na mila zake. Hii sikuwahi kuisikia.

Jumapili 8 Machi

Asubuhi Paska alisimama mlangoni. “Shikamoo, mama.” Nikaitikia marahaba. Hakuondoka. Akasema tena, kwa sauti nzito kidogo, “Shikamoo, mama.” Nilidhani hakunisikia.

Bibi Marsiana alikuwa akichambua mboga. Akaitikia bila kuinua uso: “Marahaba, baba.”

Ijumaa 13 Machi

Nimepata kitambaa cha buluu, kizito, hakishiki maji sana. Nitashona kaptura na blauzi za kuchezea ufukweni. Nilikata moja. Bibi akaja akasimama nyuma ya cherehani, akasubiri kimya mpaka nikakata ya pili.

Jumatatu 16 Machi

Remi ameandikisha chumba chetu kwenye treni. Chumba cha vitanda vinne. Nilimuuliza kwa nini vinne wakati mama yake haendi. Akasema ndivyo vyumba vilivyo. Macho aliyaweka kwenye kiatu chake.

Alhamisi 19 Machi

Kila asubuhi shikamoo mbili. Nimejifunza kuitikia zote, maana nikiitikia moja mtoto anabaki mlangoni.

Jumapili 22 Machi

Leo nimemtazama Paska akila. Anaanza na sahani yake kwa mkono wa kulia. Akifika nusu anaacha, anavuta sahani ya pili, anakula kwa mkono wa kushoto. Nayo akifika nusu anaacha. Wendelin alikuwa na shoto, tulimgombeza mpaka tukachoka. Paska hakuwahi kuwa na shoto hata siku moja.

“Mbona humalizi?”

“Nimemaliza changu.”

“Na hiki kingine?”

“Anakula polepole.”

Nikatoka nje kuanua nguo ambazo hazikuwepo, mvua yote ile.

Jumatano 25 Machi

Mtoto anakonda. Blauzi ya buluu niliyompima wiki mbili zilizopita inampwaya mabegani.

Jumamosi 28 Machi

Nimebishana na mama mkwe. Nilimwomba tumalize jambo hili kabla ya safari. Nilisema nataka kumpeleka mwanangu baharini akiwa mtoto mmoja.

“Mama Pacha,” akasema, hajawahi kuniita jina lingine, “huwezi kuvuna usichokiona kimeiva.”

“Mpunga utaiva mwisho wa Mei, mama. Treni ni tarehe nne.”

“Basi nendeni mkiwa wanne. Atarudi nanyi. Ni mtoto, ataishia kufurahi.”

Alilisema kwa upole, kama mtu anayekukumbusha kubeba mwavuli. Huo upole wake ndio unaonitia hasira. Mtu akikuzuia kwa ukali unajua pa kumshika.

Jumapili 12 Aprili

Pasaka. Padri alimpa Paska pipi mbili bila kuambiwa na mtu.

Jumanne 14 Aprili

Bibi Marsiana ameondoka kwenda Mofu kuamia ndege wasile mpunga, maana umeanza kuinama. Atakaa kwenye kibanda cha shamba mpaka mavuno. Alipopanda lori alinishika kifundo cha mkono. “Uwe mpunga wao,” akasema. “Si mpunga wa mtu.” Nikamwambia nimesikia.

Nyumba imekuwa kubwa. Nilifikiri nitafurahi.

Ijumaa 17 Aprili

Sada ameleta majibu ya shangazi yake, Bi Stumai. Chumba kipo, jiko la mkaa lipo, tubebe mchele wa Ifakara maana wa kule hauna harufu. Nimeanza kufunga mizigo mapema kwa furaha: sufuria ndogo, chandarua, turubai la Remi la kazini. Paska alikuwa akinisaidia. Kila nilichotia mfukoni alikigusa mara mbili.

Jumatatu 20 Aprili

Mto Lumemo umepanda. Njia ya Mofu imekatika.

Alhamisi 23 Aprili

Sijawahi kuogopa hivi.

Mchana mvua ilikuwa kubwa, nikawa nimeinamia cherehani. Nilipoinua kichwa Paska hakuwepo. Nilimkuta nyuma ya nyumba, kwenye mtaro unaokwenda kasi, maji yamemfika magotini. Mkono wake wa kulia aliushika kifuani. Wa kushoto aliunyoosha pembeni, vidole vimekunjwa kama vimeshika mkono wa mtu. Alikuwa akizungumza. Nilimsikia kabla hajanisikia. Sauti yake ikauliza, “Kwa nini hutaki?” Kisha sauti ile nzito ikajibu, “Mbali sana. Tubaki huku.”

Nilimnyakua nikamrusha begani. Alikuwa mwepesi kupita kiasi. Nilipomkausha aliniambia, kwa kawaida kabisa, kwamba mwenzake anaogopa treni, na kwamba amemwomba wabaki pamoja pale kwenye maji mpaka sisi turudi.

Remi alirudi jioni nikamweleza. Alikaa kitandani na kofia ya kazini kichwani. Nilimuuliza, “Unasubiri nini? Umpoteze na huyu?” Akasema tungoje njia ifunguke tumuulize mama. Remi ni mtu mzuri, lakini nyumba ikiungua atauliza kwanza kama mama yake ameshaamka.

Ijumaa 24 Aprili

Zahanati. Wamempima damu, hana malaria, hana minyoo. Daktari amesema nimlishe. Nilitaka kumwambia kwamba namlisha, ila ninalisha wawili kwa mwili mmoja. Nikasema asante.

Jumapili 26 Aprili

Mvua. Njia ya Mofu bado. Paska amelala kutwa nzima, na kila nikipita naona amejibana ukutani, nusu ya mkeka ameiacha wazi.

Alhamisi 30 Aprili

Nimekwenda Kiberege gulioni. Nimenunua mpunga kwa mama mmoja aitwaye Klementina, mpunga mzuri, wa mwaka huu, ameuwahi kwenye kishamba chake cha mlimani. Mpunga ni mpunga. Udongo ni bonde hili hili, mvua ni hii hii. Njia nzima nilijirudia hivyo. Alinitilia nyongeza ya konzi moja, akasema ya watoto. Sikumwambia nina wangapi.

Ijumaa 1 Mei

Tumefanya.

Niliutwanga mwenyewe asubuhi, Remi akiwa amekaa kizingitini na uso wa mtu anayesubiri kung’olewa jino. Nilimwambia asiponisaidia nitaita jina mimi mwenyewe, tuone mila itasemaje. Nikapika. Nikapakua sahani mbili. Paska alikaa katikati yake, amenyooka. Remi akamimina hii juu ya ile. Punje nyingine zikaanguka chini. Akaita, “Wendelin. Wendelin, mwanangu. Fungu lako hili, mwachie mwenzako.”

Paska alikula kwa mkono wa kulia. Alikula yote. Alipofika punje za mwisho mvua ilikatika, si kupungua, ilikatika, na kwa muda tulisikia bati likidondosha maji yaliyobaki juu yake. Halafu Paska akaomba wali mwingine.

Nilitaka kulia, maana sasa ruksa. Lakini alikuwa anacheka, ana ukoko shavuni. Nikasema nitalia siku nyingine.

Jumamosi 2 Mei

Shikamoo moja. Moja tu! Niliitikia nikasubiri, nikasubiri tena, yeye akawa ameshakimbia uani.

Jumapili 3 Mei

Anakula, analala katikati ya mkeka, anaimba. Blauzi moja ya buluu nimeitia mfukoni, ya pili nimempa mtoto wa Sada. Nimejiona mtu mwerevu kuliko ukoo mzima wa mume wangu.

Jumanne 5 Mei, Dar es Salaam

Treni ilitutikisa usiku kucha. Paska alipanda kitanda hiki na kile mpaka akavimaliza vyote vinne, akavitangaza vyote ni vyake. Remi alimtazama kwa namna ambayo sikuielewa. Kesho Bagamoyo.

Alhamisi 7 Mei, Bagamoyo

Bahari ni kijivu, na mvua inaingia ndani yake bila kuongeza kitu. Nilisimama ufukweni chini ya turubai nikacheka peke yangu. Hakuna mtu mwingine, vibanda vya chipsi vimefungwa, viti vimepangwa miguu juu. Paska amekimbia mpaka pumzi zikamwishia. Hii ndiyo likizo niliyoitaka.

Ijumaa 8 Mei

Bi Stumai ni mwanamke mnene, mchangamfu, anakaanga samaki akiongea bila koma. Leo aliuliza, “Na watoto mna wangapi, wanangu?” Remi akainamisha kichwa. Kabla sijafungua mdomo Paska akajibu:

“Mimi tu.”

Nikasema, taratibu, “Na Wendelin.”

Paska akanigeukia. “Wendelin nani?”

Bi Stumai aliendelea kugeuza samaki.

Jumamosi 9 Mei

Nilidhani ni utundu. Asubuhi nilimkalisha, nikamuuliza siku ile ya kupanda mpunga Mofu, nani alikuwa kwenye mstari wa pili.

“Mimi.”

“Mstari wa kwanza?”

“Mimi. Nilipanda huu, halafu nikarudi nikapanda ule.”

“Na nani alikuwa akila kwa mkono wa kushoto, tukamgombeza?”

Alifikiri kwa bidii. Aliona ninataka jibu, akatamani kunipa. “Baba?” akasema.

Jumapili 10 Mei

Mvua kubwa. Nilimwambia Remi ni mshtuko wa safari, mtoto atakumbuka tukirudi nyumbani. Akasema, “Nilipoita jina, kuna kitu kiliitika. Lakini hakikuitikia mle ndani.” Nikamuuliza kiliitikia wapi. Akavaa turubai akatoka.

Jumanne 12 Mei

Leo mvua ilitulia kidogo, Paska akatangulia ufukweni. Nilipofika niliona mistari miwili ya nyayo ndogo mchangani, sambamba, inaelekea kwenye maji. Nyayo za watoto wawili! Wiki tatu zilizopita ningepiga yowe. Leo nilikimbia nikiita, “Wende! Wende!” mpaka khanga ikanidondoka.

Paska alikuwa amechutama kwenye maji machache, akichimba. Alikuwa amekwenda na kurudi na kwenda tena. Zote zilikuwa za mguu wake. Nilizipima kwa kiganja, moja baada ya nyingine, kuhakikisha.

“Unamwita nani, mama?”

Nikarudi kuokota khanga.

Jumatatu 18 Mei, Ifakara

Tumerudi. Kila aliyetuona kasema Paska amenenepa, bahari imemfaa. Sada alimpa maandazi mawili. Akala moja, la pili akamrudishia kwa adabu: “Hili si langu.”

Alhamisi 21 Mei

Nimemwonyesha kikombe cha Wendelin, chenye pembe iliyovunjika. Nimemwonyesha kaburi. Alisimama kwa heshima na mikono nyuma, kama watoto wanavyofundishwa kusimama kwenye makaburi ya wageni.

Jumapili 31 Mei, Mofu

Njia imefunguka, tumekuja kwenye mavuno. Shamba la Bibi limezaa vizuri kuliko majirani zake. Mistari miwili ya watoto aliiacha mpaka tufike, hakuigusa, imesimama peke yake katikati ya mabua yaliyokatwa.

Alimtazama Paska akishuka garini. Alimtazama akimwamkia, mara moja, kwa sauti moja. Alikaa chini palepale kwenye tope.

Nilipiga magoti nikamweleza yote, mtaro, uzito wa mtoto, Kiberege. Nilitegemea anitukane, na nilitaka anitukane. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Fungu lake ndilo lilikuwa na kila kitu chao,” akasema. “Michezo yao, ugomvi wao. Lilikuwa liingie kwa mwenzake likae. Ninyi mmemwita kula kwenye mpunga wa watu. Amekula, ameshiba, amebaki hukohuko.”

“Wapi, mama?”

“Nitajuaje? Wewe ndiye uliyenunua.”

Nikamwomba tupike huu sasa, tuite tena. Akatikisa kichwa, machozi yanamtoka, yeye ambaye hakuwahi kulia mbele yangu. Alisema hawezi kuitwa mtu aliyekwishaaga. Kwa miaka yote hii nilimwona bibi huyu kama mlango uliofungwa. Leo nimejua alikuwa amesimama hapo kutuzuia tusitumbukie.

Tulivuna mistari ile miwili wenyewe. Paska alisaidia. Alisema mpunga huu unanukia vizuri, nani aliupanda.

Alhamisi 4 Juni, Ifakara

Nilikwenda Kiberege. Klementina hakuwepo gulioni. Wanasema amehama na watoto wake, amefuata mume, hakuna ajuaye vizuri. Nilizunguka mpaka watu wakaanza kunitazama.

Jumapili 14 Juni

Mvua imeisha. Vumbi limeanza barabarani.

Nimeamua kumsimulia Paska kidogo kidogo, kila siku, nikiwa nashona. Nikisema “kaka yako” anachoka na kukimbia, kwa hiyo nasema palikuwa na mtoto. Palikuwa na mtoto mmoja mwenye shoto. Aliogopa bata. Alikuwa akificha mbegu za embe chini ya mto. Alikuwa na pacha wake na hakulala mpaka amshike sikio. Leo alikaa miguuni pangu akisikiliza kwa makini, akichezea vitambaa vilivyoanguka.

“Halafu?”

“Halafu akaugua homa.”

“Akafa?”

“Akafa.”

Aliviweka chini vile vitambaa. Alikuwa amemhurumia kweli yule mtoto, nilimwona.

“Mama yake alilia sana?”

Nikamwambia hakulia. Kwanza alikatazwa, na aliporuhusiwa akasema atalia siku nyingine.

“Maskini,” akasema Paska.

Hapo ndipo nilipolia. Nilitoa mguu kwenye kanyagio, nikaegemea cherehani, nikalia kwa sauti ambayo Sada aliisikia kwake. Mwanangu alisimama pembeni yangu, akanipapasa mgongo kwa adabu, taratibu, kama mtu anayembembeleza jirani aliyefiwa, akaniambia pole.